Mforosadi Katika Maji Yaliyotuama



Wako watu wanaodhani kwamba mti ukipata maji tele hauna tena neno la kulalamikia. Husema, "Mti ni maji," na wakiisha kusema hivyo huona wamemaliza elimu yote ya kilimo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Hata mtu uhai wake ni chakula. Walakini ukimfukia ndani ya ghala la mahindi atakufa, tena hatakufa kwa njaa, atakufa kwa kukosa hewa. Mti nao ni vivyo hivyo.

Leo nataka tuzungumze habari za mti mmoja ninaoupenda, yaani mforosadi, na yale yanayoupata maji yanapotuama penye mizizi yake. Najua si kila nyumba ina mti huu. Lakini wenye mipapai, michungwa na miparachichi wasilifunge gazeti, maana mengi nitakayosema yanawahusu wao pia, na pengine yanawahusu zaidi.

Kwa wasioufahamu, mforosadi ni mti wa majani mapana yenye meno pembeni, na matunda yake ni madogo, yamefungamana kama kishada cha shanga. Yakiiva huwa mekundu, kisha meusi, na mtoto aliyeyala hawezi kumdanganya mama yake, kwa kuwa ulimi, vidole na shati lake vyote humshitaki. Majani yake ndiyo chakula cha kiwavi wa hariri. Kiwavi huyo hutoka yaini akiwa mdogo kama ncha ya uzi, na kwa muda wa kama mwezi mmoja hula majani usiku na mchana hata uzito wake ukaongezeka kama mara 10,000; kisha hujisokotea kifukofuko cha uzi mmoja ambao ukinyoshwa waweza kufika urefu wa kilometa moja au zaidi. Huko Thika, nchini Kenya, kiko kituo cha utafiti wa ufugaji wa viwavi hao. Lakini hata asiyefuga viwavi hapungukiwi: mbuzi, ng'ombe na sungura hupenda sana majani ya mforosadi, nayo yana nguvu ya kuongeza maziwa.

Na wasomao Injili ya Luka watakumbuka mti ule ambao Bwana alisema ungeweza kuambiwa ung'oke ukapandwe baharini, kwa imani iliyo ndogo kama punje ya haradali. Katika tafsiri tuliyoizoea umeandikwa mkuyu. Lakini neno la Kiyunani lililotumika mahali pale, sykaminos, ni jina la mforosadi. Ule mkuyu alioupanda Zakayo una neno lake jingine. Sisemi hili ili nihubiri, kazi hiyo ina wenyewe. Nalisema kwa sababu mtu aliyepata kung'oa mforosadi mzee kwa jembe na shoka ataelewa mara moja kwa nini mti huo ulifaa kwa mfano: mizizi yake huishika ardhi kama mtu ashikaye urithi wake. Na habari ya mti kusimama majini ndiyo hasa habari yetu.

Kwetu ni chini ya milima ya Uluguru, katika mkoa wa Morogoro. Nilipostaafu ualimu nilirudi huko kwenye shamba la wazee wangu. Ardhi yetu ni ya namna mbili. Mteremkoni kuna udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha maji huzama na kupita. Bondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Lakini masika yakianza huvimba, nyufa hujifunga, na maji hukaa juu yake kama yamewekwa ndani ya sinia. Watu hulipenda bonde kwa sababu wakati wa ukame lina unyevu. Wanaopanda kiangazi hulisifu. Wanaovuna masika hunyamaza.

Jirani yangu ni mama mjane. Mwaka 2019 alipanda vipando vya mforosadi bondeni, mistari sita, toka kandokando ya njia mpaka karibu na mto. Alikuwa na mbuzi wa maziwa wanne, na maziwa yao ndiyo yaliyomlipia kijana wake ada ya chuo cha ufundi. Miti ile ilistawi vizuri mno. Kila asubuhi ungemwona mama yule akitoka bondeni na mzigo wa majani kichwani, na mbuzi wakimlilia tangu mbali kama watoto.

Likaja masika ya mwaka 2024. Wengi mtayakumbuka, maana sehemu nyingi za Tanzania na Kenya zilipata mafuriko makubwa, watu wakapoteza nyumba na hata roho zao. Kwetu mto ulipanda kingo zake. Maji yalipopungua hayakuondoka yote. Yalibaki bondeni kwa jirani yangu. Mistari miwili ya chini ilisimama majini karibu wiki tatu. Mistari miwili ya katikati ilikaa majini siku nne au tano, kisha ikabaki katika tope. Miwili ya juu, iliyo karibu na njia, ilifunikwa usiku mmoja tu.

Siku moja alinituma mjukuu wake: "Bibi anakuita, anasema njoo uone miti." Nilipofika nilimkuta shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, amesimama pale na panga mkononi. Miti ya chini ilikuwa ya njano, majani yamening'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa, mengine yanaelea majini.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema shemeji yule. "Tusaidie kumwelewesha shemeji yangu. Miti hii imekufa. Tuing'oe yote leo, tutie mpunga, angalau apate chakula."

Mama akasema, "Shemeji, mpunga hauliwi na mbuzi. Nikiing'oa miti hii, mwanangu atarudi nyumbani katikati ya masomo. Mwalimu, hebu sema: miti hii imekufa au haijafa?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni jepesi kuuliza na gumu kujibu. Ili tulijibu vema sharti kwanza tujue ni jambo gani linalotendeka chini ya udongo, mahali macho yetu yasipofika.

Mizizi hupumua. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mti hupumua kwa majani, tukaishia hapo. Lakini mzizi nao ni kitu hai, unahitaji oksijeni ili uichome sukari iliyoshushwa na majani na kupata nguvu ya kufanya kazi. Katika udongo mzuri kuna vijitundu vingi, na sehemu kubwa ya vijitundu hivyo imejaa hewa. Mvua kubwa ikija, maji huifukuza hewa yote na kukaa mahali pake. Nayo oksijeni husafiri ndani ya maji polepole sana, kama mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani. Ile kidogo iliyobaki hugombaniwa na mizizi pamoja na vijidudu visivyohesabika vya udongoni, na katika udongo wenye joto kama wetu aghalabu huisha kwa siku moja au mbili.

Hapo mzizi hubadili namna ya kuishi. Huanza kuchacha. Sukari ile ile inageuka kuwa kileo, kama inavyogeuka ndani ya mtungi wa pombe, na nguvu inayopatikana haifikii hata sehemu moja ya kumi ya ile ya kawaida. Ni kama mama wa nyumba anayelazimika kupikia kuni mbichi: kuni zinakwisha, moshi umejaa, na chungu hakijachemka. Mzizi hula akiba yake haraka huku ukipata faida ndogo, na sumu za uchachu zinaukusanyikia.

Sasa sikilizeni ajabu. Mzizi uliokosa nguvu hufunga milango yake ya kupokea maji. Kwa hiyo mti unasimama majini huku una kiu. Majani yanalegea, nayo yanafunga vijitundu vyake vidogo ili yasipoteze maji, na yakivifunga hayawezi tena kutengeneza chakula. Nimepata kumwona mtu aliyekuwa na mti wa namna hii uani kwake. Kwa kuona majani yamelegea, akauongezea ndoo mbili za maji asubuhi na mbili jioni. Alikuwa mtu mwema, tena mwenye bidii. Mti ulikufa upesi zaidi.

Baada ya kulegea huja manjano, nayo huanzia majani ya chini, yaliyo mazee. Sababu ni kwamba mizizi haipandishi chakula cha udongoni, na tena vijidudu vinavyoishi pasipo hewa huigeuza nitrojeni ya udongo kuwa gesi ikapotea juu. Mti uliopungukiwa huinyang'anya nitrojeni kutoka majani mazee na kuyapa machanga. Kisha kuna gesi nyingine iitwayo ethilini, ambayo mti wenyewe huitengeneza wakati wa dhiki. Hiyo ndiyo huyainamisha majani na kuyaangusha. Tusiudhanie mti umerukwa na akili. Jahazi likipigwa na dhoruba, mabaharia hutupa shehena baharini ili waokoe chombo. Mforosadi hutupa majani.

Maji yakizidi kukaa, udongo wenyewe hugeuka. Utasikia harufu ya yai viza. Chuma na madini mengine yaliyokuwa yametulia huyeyuka, yakawa mengi kupita kiasi mpaka kuudhuru mzizi. Viini vya magonjwa ya kuozesha mizizi, ambavyo baadhi yake huogelea majini, hupata njia ya kuingia katika mizizi iliyodhoofika. Ukichimba mzizi wakati huo na kuuvuta kwa vidole, gome lake huvuka kama soksi na kuacha uzi katikati. Mzizi mzima, ukiukata, ndani ni mweupe na mgumu. Ulioza ni wa kahawia, una utelezi na harufu.

Je, mforosadi hukaa tu ukingoje kufa? Hasha. Mti huu si dhaifu hivyo. Nilimwambia mama, "Twende tuangalie mashina." Tukaenda, tukiburuza miguu katika tope. Katika mistari ya katikati, mahali pale pale maji yalipokuwa yamefika, tuliona vidundu vyeupe vimetokeza kwenye gome, kama punje za wali zilizomwagika. Hayo ni matundu ya kupumulia ya gome, yamevimba na kufunguka ili yapokee hewa. Na chini kidogo tu ya vidundu hivyo tuliona mizizi mipya, mifupi, ya rangi ya maziwa, imechomoza kutoka shina lenyewe.

Mtakumbuka kwamba mforosadi hupandwa kwa kipande cha tawi. Ukikichomeka ardhini chatoa mizizi kwa urahisi, kwa sababu ndani ya tawi mna machipukizi ya mizizi yaliyolala yakingoja. Basi mafuriko yakiua mizizi ya chini, mti waweza kuyaamsha yaliyo juu, karibu na hewa. Na mizizi hiyo mipya aghalabu huwa na nafasi za hewa ndani yake, mfano wa bua la yungiyungi, ili hewa ishuke kutoka juu. Kwa njia hii mforosadi huweza kuvumilia kwa siku nyingi maji ambayo yangeuua mpapai kwa siku tatu au nne tu. Mparachichi nao hauna uvumilivu. Walakini mforosadi si mpunga wala si mkoko. Umesimama katikati: huvumilia, lakini una kikomo.

Sasa kikomo hicho ni siku ngapi? Hapa watu wengi hukosea, maana hutaka hesabu moja ya kila mahali. Nitawapa mfano kutoka China, nchi ya kwanza kufuga viwavi wa hariri. Katika mto Yangtze kuna bwawa kubwa liitwalo Three Gorges. Maji yake hupandishwa hadi meta 175 juu ya usawa wa bahari wakati wa baridi, na kushushwa hadi meta 145 wakati wa mvua za kiangazi chao, ili kuwe na nafasi ya kupokea mafuriko. Kingo zake, basi, hukaa chini ya maji kwa miezi, kisha huwa kavu kwa miezi. Wataalamu wamepanda miforosadi katika sehemu za juu za kingo hizo, na mingi imeweza kuishi. Mtu akisoma hivyo atasema, "Kumbe miezi! Basi wiki tatu ni nini?"

Lakini angalieni sana. Kule maji hupanda wakati mti umelala. Ni baridi, majani yamepukutika, mti hautumii nguvu nyingi, nayo maji ya baridi hubeba oksijeni zaidi. Kwetu hakuna usingizi wa namna hiyo. Mafuriko yetu huja katika masika, wakati udongo una joto, machipukizi yanasukuma, na mizizi inadai hewa kuliko wakati mwingine wowote. Mtu aliyelala ahitaji hewa kidogo. Anayepandisha mlima na mzigo ahitaji hewa nyingi. Kwa hiyo wiki moja ya maji ya masika yetu yaweza kudhuru kuliko wiki nyingi za maji ya baridi yao. Tena maji yanayopita ni heri kuliko maji yaliyotuama, na mti mkubwa uliokomaa ni heri kuliko mche wa mwaka mmoja.

Wachina wale wale wanatufundisha jambo jingine, nalo ni la zamani zaidi. Katika eneo la Huzhou, kusini mwa ziwa Taihu, ardhi ni tambarare na yenye maji mengi. Watu wa kale hawakubishana na maji. Walichimba mabwawa ya samaki, na tope walilolitoa wakalirundika kuwa matuta mapana, na juu ya matuta wakapanda miforosadi. Majani wakawapa viwavi; mavi ya viwavi wakawapa samaki; na tope la bwawani, lenye rutuba ya samaki, wakalipandisha tena tutani kuilisha miforosadi. Mzunguko huo umedumu zaidi ya miaka 2,000, na mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuweka katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Tazameni: hawakuuambia mti uzoee maji. Waliunyanyua mti.

Nami sikuhitaji kwenda China ili nijue hayo. Kwetu uko mforosadi mkubwa uliopandwa na marehemu mama yangu. Alipoupanda watu walimcheka, maana aliuweka juu ya kichuguu cha kale kilichobomoka, naye alikuwa na uwanja mzima ulio tambarare. Alijibu tu kwamba mchwa hajengi nyumba yake mahali pa kuzama. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipokuja, mti ule ulizungukwa na maji pande zote kama kisiwa, nao haukupoteza hata tawi. Mama hakujua neno oksijeni. Alikuwa na macho.

Basi turudi kwa jirani yangu na lile swali lake. Nilikwaruza gome la kila mti kwa ukucha, kidogo tu. Chini ya gome kukiwa na kijani chenye unyevu, mti ungali hai; kukiwa kahawia na kukavu, sehemu hiyo imekufa, nawe ushuke chini zaidi ukwaruze tena. Mistari ya juu na ya katikati ilikuwa kijani. Ya chini ilikuwa kijani mti mmoja mmoja, na mingi ilikuwa kahawia hadi chini ya shina.

Nikamwambia shemeji yule, "Ndugu yangu, unalosema lina haki nusu. Mistari miwili ya mtoni si mahali pa mforosadi. Hapo panafaa mpunga au magimbi. Lakini hii minne usiiguse. Weka panga, chukua jembe."

Kwa heshima yake nasema, hakukasirika. Alirudi kesho yake na vijana wawili, wakachimba mfereji kutoka katikati ya shamba kushuka mtoni.

Hata hivyo taabu haikuisha, na hili nataka wenye miti walishike. Maji yakiondoka, hatari ya pili ndiyo inaanza. Mti umepoteza mizizi mingi, na masika yakikoma jua huwaka. Unaweza kuona machipukizi mapya ukafurahi, kumbe majani ni mengi na mizizi ya kuyanywesha ni michache. Ndipo miti mingi iliyookoka mafuriko hufa kwa kiu mwezi wa saba. Mama yule alimwaga maji kidogo kidogo, akatandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, akayaacha mashina yenyewe wazi. Mwaka ule hakuchuma majani mengi. Aliiacha miti ijitengenezee chakula chake. Kwa ajili hiyo ilimpasa kuuza mbuzi mmoja, tena yule aliyekuwa bora, ili ada ipatikane na wale watatu wapate majani ya kununua. Alimtoa asubuhi na mapema, kabla wajukuu hawajaamka. Sitaki kuwaficha wasomaji jambo hili, nikajifanya kwamba elimu huondoa hasara yote. Hupunguza tu.

Mwaka uliofuata mistari ya juu ilikuwa kama haikuguswa. Ya katikati ilipoteza miti michache, mingine ikarudi, ingawa matawi ya juu ya baadhi yake yalikauka ikabidi yakatwe. Ya chini karibu yote ilikufa. Mama alikata vipando kutoka mistari ya juu, akavipanda juu ya matuta yaliyoinuliwa kadiri ya futi mbili, na pale mtoni shemeji yake akapanda magimbi. Kijana wake hakuacha chuo.

Sasa, wasomaji wapenzi, nawapa kwa kifupi mambo ya kushika.

Kwanza, kabla ya kupanda, ipime ardhi yako. Chimba shimo la futi moja kwenda chini, ulijaze maji, uyaache yaishe, kisha ulijaze tena. Kama kesho yake saa ile ile maji yangalimo, mahali hapo pasikupe tamaa. Inua tuta au tafuta mahali pengine.

Pili, mafuriko yakija, kazi ya kwanza ni kuyapa maji njia. Mfereji mmoja uliochimbwa siku ya pili ni bora kuliko dawa zote za wiki ya tatu.

Tatu, usilime wala usipitishe mifugo katika udongo uliolowa. Miguu huushindilia, na vile vijitundu vya hewa vilivyosalia hufungwa.

Nne, usiharakishe kutia mbolea. Mzizi uliodhoofika hauwezi kuila, nayo mbolea nyingi ya chumvichumvi yaweza kuuunguza. Ngoja uone majani mapya yaliyo imara.

Tano, usiukate mti kwa sababu umepukutika. Kwaruza gome, kisha ngoja hata mvua zijazo. Mforosadi waweza kuchipua kutoka kisiki ambacho kila mtu alikwisha kukihesabu kuwa kuni.

Sita, usiwape viwavi wa hariri majani ya njano, yaliyolowa au yenye tope, yatawaletea maradhi. Hata mbuzi, wape majani safi yaliyokaushwa maji.

Saba, weka akiba juu ya kilima. Ukiwa na miti yako yote bondeni, masika moja yaweza kuimaliza. Kata vipando kumi leo, uvipande mahali palipoinuka. Havikugharimu kitu.

Jambo la mwisho ni hili. Tunapoona kiumbe amelegea, haraka yetu huwa moja kati ya mbili: ama kumwongezea kile kile kilichomlemea, kama yule bwana na ndoo zake, ama kumtoa katika hesabu ya walio hai. Yafaa kwanza tuiname, tuangalie shina, tukwaruze kidogo. Hayo hayachukui hata robo saa, na jibu la panga halina kurudi.

Masika hayabishi hodi. Kama una mti bondeni, nenda leo ukatazame maji yatapita wapi.

Kwa leo yatosha. Nawatakia kazi njema mashambani mwenu.